Mwandishi Mzuri wa Hadithi Anachagua: Mwongozo kutoka kwa Msomaji wa Miswada

Kazi yangu ni kusoma miswada ya riwaya na hadithi fupi, kisha kusema upi uende mbele na upi urudi kwa mwenyewe. Ni kazi ya kukaa sana na kukataa sana. Wanaojua ninachofanya huniuliza swali lilelile: mwandishi mzuri ni yupi, na mtu afanyeje ili awe mmoja wao? Wengi hutarajia nitaje kipaji, au msamiati mpana, au maisha yaliyojaa misukosuko. Vyote hivyo nimevikuta kwenye miswada mibovu. Wapo wenye msamiati wa kutisha ambao hawawezi kumtoa mhusika chumbani hadi barabarani bila msomaji kusinzia. Wapo waliopitia mambo mazito kweli, wakayaandika kama kumbukumbu za kikao.

Kwenye meza yangu kinachowatenganisha ni uchaguzi. Mwandishi mzuri amechagua nani asimulie, hadithi ianzie wapi, kionekane kipi kati ya vitu vyote vilivyomo chumbani, na jambo gani aliache bila kulisema. Mwandishi dhaifu hajachagua. Ameandika kilichomjia kwanza, na kinachokuja kwanza mara nyingi ndicho kilichomjia kila mtu. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa yote ni namna ya kujizoeza kuchagua. Hayana mpangilio wa hatua ya kwanza hadi ya kumi; kazi yenyewe haiendi hivyo.

Mtu anayetaka kitu

Miswada mingi huanza na hali ya hewa. Jua linachomoza, ndege wanalia, mhusika anaamka, anajinyoosha, anaenda kwenye kioo, na kioo kinatueleza pua yake ikoje na nywele zake ndefu kiasi gani. Nikikuta kioo ukurasa wa kwanza, natamani kukivunja. Hali ya hewa si haramu, wala kioo. Tatizo ni kwamba tumefika ukurasa wa tatu na hakuna anayetaka kitu, na pasipo mtu anayetaka kitu kuna maelezo tu, hadithi bado.

Kinachotakiwa kiwe cha kushikika. "Anatafuta furaha" hakunisaidii mimi wala hakumsaidii mwandishi. Lakini mwanamke anayetaka kaka yake amrudishie ufunguo wa nyumba ya marehemu mama yao kabla ya Ijumaa, huyo ananiweka kitini. Kuna ufunguo, kuna anayeushikilia, kuna siku. Naanza mwenyewe kujiuliza kwa nini kaka hautoi, na Ijumaa kuna nini. Sijaambiwa rangi ya ukuta, na tayari nimo ndani.

Baada ya hapo jiulize tukio gani linalizaa lingine. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, katika mihadhara aliyoitoa Cambridge na kuichapisha mwaka 1927, alitenganisha matukio yanayofuatana na matukio yanayosababishana: mfalme akafa kisha malkia akafa, huko ni kufuatana, malkia akafa kwa majonzi ya kufiwa na mfalme, huo sasa ni msuko. Wengi tulikutana na Forster darasani bila kutajiwa jina lake, maana ugawaji wa wahusika bapa, wale wa sifa moja tu, na wahusika duara ni wake. Mimi huwaambia waandishi wafanye hivi: orodhesha matukio ya hadithi yako, moja kwa mstari. Kisha ziba mstari mmoja kwa kidole na uangalie mistari iliyo chini yake. Je, inaanguka au inasimama vilevile? Ikisimama, tukio hilo halifanyi kazi yoyote, hata kama limeandikwa vizuri. Zipo riwaya unazoweza kuziba hivyo sura nzima tatu na hakuna kinachotikisika.

Na kwa kuwa nimewataja wahusika duara: kipimo cha Forster kilikuwa kwamba mhusika wa aina hiyo anaweza kutushangaza na bado tukamwamini. Shuleni tuliambiwa ni mhusika "anayebadilika", na tafsiri hiyo imeleta balaa, kwa sababu waandishi wanadhani mkorofi lazima atubu ukurasa wa mwisho. Hapana. Ukimwandika bakhili, mpe siku moja anayolipa deni la mtu asiyemjua vizuri, kisha mfanye akasirike mtu huyo anapokuja kushukuru. Kesho yake abaki na ubahili wake. Msomaji atashtuka, halafu atajiambia kwamba ndivyo bakhili huyu angefanya.

Nani asimulie

Huu ndio uamuzi unaochukuliwa kwa wepesi kuliko yote. Mtu anaandika "nilikuwa" au "alikuwa" kwenye sentensi ya kwanza, basi, amefungwa kwa kurasa mia tatu bila kujua kwamba kulikuwa na mlango mwingine.

Mwaka 1957 mwandishi wa Marekani Harper Lee alipeleka kwa mchapishaji J. B. Lippincott mswada uliomhusu mwanamke mtu mzima anayerudi nyumbani kumtembelea baba yake. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona kuwa sehemu zenye uhai ni zile mwanamke huyo anapokumbuka utoto wake, akamshauri aiandike hadithi upya kutokea huko. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Kilichotoka mwaka 1960 ni *To Kill a Mockingbird*, kinachosimuliwa na mhusika huyohuyo akiyatazama mambo kwa macho ya utotoni, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Ule mswada wa awali ulichapishwa mwaka 2015 kwa jina la *Go Set a Watchman*, kwa hiyo anayetaka kuona msimulizi anavyobadilisha kila kitu anaweza kuvisoma vyote viwili. Baba ni yuleyule, mji ni uleule. Lakini mtoto haelewi nusu ya anachokiona, na hiyo nusu asiyoielewa ndiyo msomaji anaijaza mwenyewe.

Kabla hujaanza, chukua tukio moja muhimu la hadithi yako uliandike mara tatu, nusu ukurasa kila mara: mara moja kwa macho ya anayeumia, mara moja kwa macho ya anayeumiza, na mara moja kwa macho ya mtu aliyepita tu njia. Wa tatu mara nyingi hushangaza. Mtu aliyepita njia hajui chanzo cha ugomvi, lakini ameona kwamba mmoja amevaa viatu visivyofanana.

Ukishamchagua msimulizi, mheshimu. Msimulizi wa miaka minane hawezi kusema kwamba uhusiano wa wazazi wake ulizorota. Anaweza kusema kwamba baba siku hizi analala sebuleni na anakunja shuka lake mapema kabla hawajaamka. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hawezi kuandika "nilitabasamu, macho yangu yakameta", kayaona wapi? Hayo ni makosa ya sekunde moja, lakini kila likitokea moja, msomaji anakumbuka kwamba kuna mtu ameketi mahali anabonyeza vitufe. Msimulizi mjuzi wa yote anaruhusiwa kuingia kichwani mwa yeyote, ila naye achague: akiruka kutoka kichwa hadi kichwa ndani ya aya moja, hatumjui wa kumshika mkono.

Kitu kimoja chumbani

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo miswada mingi inapofia.

Chukua aya hii. Nimeitunga mwenyewe, lakini ndugu zake nawasoma kila wiki:

"Mzee alikuwa na huzuni kubwa tangu mke wake alipofariki. Nyumba ilikuwa kimya na yenye upweke. Kila alichokitazama kilimkumbusha marehemu. Machozi yalimtiririka njia mbili mbili, moyo ukamuuma mithili ya mtu aliyechomwa kisu."

Kisarufi haina kosa. Haina mzee pia. Huzuni imetajwa, upweke umetajwa, lakini mzee huyu anaweza kuwa mzee yeyote aliyefiwa, na mke wake mke yeyote. Sentensi yenye ufunguo ni ile ya tatu: "Kila alichokitazama kilimkumbusha marehemu." Mwandishi amesimama mlangoni mwa chumba chenye hazina akakataa kuingia. Kipi hicho alichokitazama? Ingia, tafuta kimoja.

Cha kwanza kitakachokujia ni picha ya harusi ukutani. Iache. Cha pili ni nguo zake kabatini, na mzee anazinusa. Iache hiyo pia. Tumeshawaona wajane wengi wakinusa nguo. Endelea kuzunguka chumbani hadi ufike kwenye kitu kinachowahusu hawa wawili tu. Mimi nilizunguka nikafika kwenye saa:

"Saa ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Mkewe ndiye aliyeisogeza, miaka hiyo, ili waache kuchelewa. Mzee aliitazama, akatoa kumi, akavaa viatu."

Sasa tuna ndoa nzima. Tunajua walikuwa watu wa kuchelewa, tunajua ni nani aliyechoka kuchelewa, tunajua kwamba hesabu hiyo ya kutoa kumi ameifanya mara nyingi sana na bado anaifanya. Huzuni haijatajwa. Lakini saa peke yake imetulia mno, haijagombana na mtu. Nikamwingiza binti:

"Binti yake alipanda kiti ili airekebishe. 'Shuka,' mzee akasema. 'Hicho kiti kibovu.'"

Hapo nikakwama kidogo. Je, niongeze sentensi ya kusema kwamba kiti kilikuwa kizima? Nikiiongeza, msomaji aliye mbioni hatapitwa. Nikiiacha, msomaji makini atapata raha ya kugundua mwenyewe. Uamuzi wangu ulikuwa kuiacha, kwa sharti kwamba kurasa mbili kabla yake mzee awe amepanda kiti hichohicho kubadilisha balbu. Kwa njia hiyo ushahidi upo, umewekwa mahali pake, na hakuna aliyeuonyesha kidole. Uandishi wa hadithi kwa sehemu kubwa ni huo: kuamua sentensi moja ibaki au itoke, na ikitoka, kazi yake ihamie wapi.

Mwandishi wa Urusi Anton Chekhov alimwandikia kaka yake Alexander jambo la namna hiyo mwaka 1886, kwamba usiku wa mbalamwezi hauhitaji kusifiwa. Taja kipande cha chupa iliyovunjika kinachometa kwenye bwawa la kinu, na usiku umepatikana. Msisitizo uko kwenye neno "kipande". Ukitaja chupa, bwawa, kinu, nyota, majani, vyura na upepo, msomaji hajui ashike kipi, mwisho anaacha vyote.

Tukiwa bado hapa, kuna misemo ambayo kwa Kiswahili imekuwa ya bure kabisa. "Ghafla bin vuu." "Kijasho chembamba kikamtoka." "Moyo ulimwenda mbio." "Akapigwa na butwaa." "Alikuwa msichana mrembo mwenye umbo namba nane." Misemo hii ilikuwa na makali siku ilipotungwa, na mtu aliyeitunga alikuwa amechagua. Sisi tunaiokota. Kwenye rasimu ya kwanza iache itiririke, usijizuie, utakata mtiririko. Rasimu ya pili ipigie mstari yote kwa kalamu nyekundu na kila mmoja uulize: mtu huyu, katika woga huu, mwili wake unafanya nini hasa? Kuna anayeogopa akaanza kupanga vitu mezani. Kuna anayeogopa akacheka.

Methali nazo. Najua hapa nitawaudhi wengi, kwa kuwa tulilelewa kuamini kwamba Kiswahili kizito ndicho Kiswahili kizuri. Mhusika akipenda methali, mwache azitumie, tena mpe zake anazozirudia hadi watu wa nyumbani kwake wamchoke. Msimulizi anayefunga kila aya kwa methali, lakini, anamwambia msomaji afikirie nini kabla hajafikiri. Aya ikifanya kazi yake, methali inakuwa ya ziada. Isipofanya, methali haiiokoi.

Mazungumzo: watu hawaambiani wanachokijua

Turudi kwa yule mwanamke na ufunguo. Hivi ndivyo mswada wa kawaida unavyowakutanisha:

"Kaka, nimekuja kuchukua ufunguo wa nyumba ya mama yetu aliyefariki mwezi uliopita, kwa sababu Ijumaa nina miadi na mnunuzi."

"Dada, unajua fika kwamba mimi ndiye niliyemuuguza mama kwa miaka miwili wakati wewe ulikuwa mbali, kwa hiyo naumia kuona unataka kuiuza."

Hakuna ndugu wanaoongea hivi. Wote wawili wanajua mama amekufa lini. Maneno haya hayasemwi na dada kumwambia kaka. Yanasemwa na mwandishi kuniambia mimi, kwa kupitia midomo yao. Jaribu hivi:

"Ufunguo upo?"

"Upo."

"Basi nipe."

"Umekuja na gari?"

"Na basi. Nipe ufunguo, kaka."

"Bomba la jikoni linavuja. Nimeshaita fundi."

"Sijauliza bomba."

"Anakuja Jumatatu."

Hakuna aliyetaja kuuza, kuuguza wala kuumia. Lakini kaka amesema yote. Bomba maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayeijali nyumba hii, kama nilivyomjali mwenye nyumba. Jumatatu iko baada ya Ijumaa, na yeye anajua hivyo, na dada anajua kwamba yeye anajua. Swali la gari nalo lina kazi: anapima kama amekuja kubeba vitu. Msomaji asiyejua habari za nyuma atazipata taratibu, sura kwa sura, na atazipata akiwa anazitaka.

Siri ya mazungumzo mazuri, kwa hiyo, ni kila anayeongea kuwa na jambo lake, na lisiwe lile analouliza mwenzake. Majibu yakilingana na maswali kwa mistari mingi mfululizo, hayo ni mahojiano. Pia soma mazungumzo yako kwa kuziba majina: hakimu mstaafu, kijana wa miaka kumi na saba na fundi wa magari wasikike watu watatu. Kiswahili sanifu ni cha msimulizi. Wahusika wana Kiswahili chao, na mhariri mwenye busara hawezi kukusahihishia kijana azungumze kama kamusi.

Uongo wenye sheria

Wanaoandika visa vya nchi za kubuni, majini, au dunia ya miaka elfu ijayo huja na dhana kwamba wamesamehewa ukweli. Wao ndio wanaodaiwa zaidi. Shaaban Robert katika *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951, alituweka kwenye nchi inayoelea angani. Tunaikubali mara moja, kwa sababu nchi hiyo ina baraza, ina mshtaki, ina mshtakiwa anayesimama kujitetea kwa mpangilio, na ina namna yake ya kuwatendea wajumbe wanaorudi na habari njema. Angani ndilo jambo pekee tunaloombwa kuliamini bure. Yaliyobaki yanashikana.

Kama mhusika wako anaweza kupita ukutani, niambie mapema hawezi kufanya nini. Nguvu isiyo na mpaka inaua taharuki palepale. Na usinibadilishie sheria ukurasa wa 200 kwa kuwa umekwama.

Riwaya za uhalisia zina sheria zake vilevile, ila zenyewe tumeshazaliwa nazo. Mhusika akivunjika mguu Jumanne, asikimbie Alhamisi. Nimesoma riwaya ambayo marehemu alipokea simu.

Rasimu ya pili ndiyo ya kwanza

Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, akihojiwa na jarida la *The Paris Review* mwaka 1958, alisema aliuandika upya ukurasa wa mwisho wa *A Farewell to Arms* mara 39. Mhoji akamuuliza ugumu ulikuwa wapi. Akajibu kwamba ni kuyapata maneno yakae sawa. Mfaransa Gustave Flaubert alikaa na riwaya yake *Madame Bovary* kuanzia 1851 hadi 1856, na sentensi zake alikuwa akizisoma kwa sauti, kwa kupaza hasa, kusikia zinapokwama. Sisemi kila mtu akae miaka mitano. Nasema waandishi wanaosifiwa kwa wepesi wa kalamu walikuwa wakifuta zaidi ya wengine, na anayeniletea rasimu aliyoimaliza jana usiku ananiletea malighafi.

Namna ya kurudia, kama ninavyowashauri ninaofanya nao kazi: ukimaliza, ufungie mswada mbali na macho hadi usahau baadhi ya sentensi zake. Ukiufungua, badilisha sura yake. Kama uliuandika kwenye kompyuta, uchapishe kwenye karatasi, maana jicho lililozoea skrini huruka. Usomaji wa kwanza usiguse neno. Soma na penseli, weka alama pembeni kila unapochoka. Uchovu wako ni wa kuaminika kuliko kupenda kwako. Usomaji wa pili uwe kwa sauti, na ulimi utakuonyesha sentensi iliyobeba mizigo miwili. Wa tatu uende kwenye mwanzo na mwisho wa kila sura tu. Jaribu kuondoa aya ya kwanza ya sura na aya ya mwisho. Utashangaa sura ngapi zinaanza vizuri zaidi kwenye aya ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa mwandishi akijipasha moto, na ngapi zinaisha vizuri zaidi kabla mwandishi hajaanza kutueleza tumejifunza nini.

Kisha wape wengine. Usiwaulize kama wameipenda. Rafiki atasema ndiyo hata kama hakumaliza. Waombe wakusimulie hadithi yako kwa midomo yao, wewe ukae kimya. Wanachokiruka hakikuwaingia. Wanachokikosea hukukiweka wazi. Na wakifika mahali wakaanza kubishana kama mhusika alifanya vyema au vibaya, usirekebishe chochote hapo.

Ushauri wenyewe upime. Charles Dickens alibadilisha mwisho wa *Great Expectations* mwaka 1861 baada ya kushauriwa na mwandishi mwenzake, Edward Bulwer-Lytton, na wasomaji hadi leo wanagombana kama alifanya vyema. Mimi niko upande wa mwisho wa awali, uliokuwa mchungu zaidi. Lakini alichofanya Dickens ni kusikiliza, kuamua, na kuandika mwisho mpya kwa ustadi uleule, bila kununa. Waandishi ninaowaogopa ni wa aina mbili: anayekataa kila neno la mhariri, na anayelikubali kila neno. Wa pili ananitisha zaidi, maana nikikosea mimi hakuna wa kunizuia.

Soma kama fundi

Kila mtu atakwambia usome sana. Ni kweli, ila kusoma kwa kumezwa na hadithi hakukufundishi mengi. Rudi kwenye sura iliyokuliza, sasa machozi yakiwa yamekauka, uifungue uone waya. Tukio kubwa limechukua mistari mingapi? Mara nyingi ni michache kuliko ulivyokumbuka. Habari ya kifo imetolewa na nani, akiwa anafanya nini? Nakili ukurasa mzima kwa mkono. Inachosha, na ndiyo faida yake: mkono ukienda polepole unaona kwa nini aya imekatwa pale na si mstari mmoja mbele. Usifanye hivyo kwa mwandishi mmoja tu, utaanza kuzungumza kwa sauti yake.

Soma na kazi mbovu pia. Mswada mbovu ni mwalimu mwepesi, kwa sababu waya zake ziko nje.

Kabla hujautuma

Barua ya kusindikiza iwe fupi: hadithi inahusu nani, anataka nini, nini kinamzuia. Usiniambie mwisho unashangaza, na usiniambie familia yako yote imeipenda. Angalia ukurasa wa kwanza kama mtu aliyesoma mingine kumi na tano leo na anataka kwenda nyumbani, maana ndiye atakayeusoma. Jina la mhusika mkuu liandikwe kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wapo waliobadilisha jina katikati wakasahau nusu ya kwanza. Tumia herufi za kawaida, zinazosomeka, na uache nafasi kati ya mistari ili penseli ipite. Na tafadhali weka namba za kurasa. Nasoma kwenye karatasi, karatasi huanguka, na mswada usio na namba nimelazimika kuupanga upya sakafuni kwa kufuata ni sura gani mhusika bado ana mkono wa kushoto.